Choo cha ukutani na koki isiyofikika: tafuta chanzo kabla hujavunja vigae

Usiku mmoja wa msimu wa mvua nilipigiwa simu na mama mmoja wa mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Maji ya mji yalikuwa yamerudi baada ya siku mbili, na kutoka kwenye ukuta wa choo chake cha ghorofani yalikuwa yanashuka mpaka chumbani kwa mpangaji wa chini. "Fundi, nifunge wapi?" Hakuwa na swali jingine, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumjibu. Koki ndogo ya ndani ya tangi ilikuwa imekwama. Koki ya pili ya bomba lile ilikuwepo, lakini aliyejenga alikuwa ameifunika kwa vigae. Iliyobaki ilikuwa ya kwenye mita, chini kabisa ya mteremko karibu na barabara, na kifuniko chake kilikuwa kimefukiwa na tope. Hadi kijana wake alipoifukua, godoro la mpangaji lilikuwa limelowa, na madaftari ya watoto pia.

Tangu usiku ule sifungi ukuta wa choo cha namna hii kabla mwenye nyumba hajafunga na kufungua maji kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Koki si ya siku ya mafuriko tu. Ndiyo chombo cha kwanza cha kupimia tatizo: kila koki unayoweza kuifikia inakata bomba vipande viwili, nawe unajua ugonjwa uko upande gani. Pasipo koki ya kufikika, unabaki kukisia na kuvunja.

Kilichopo nyuma ya vigae

Choo cha ukutani kinashikwa na fremu ya chuma iliyofungwa sakafuni na ukutani. Zilizozoeleka zina urefu wa sentimita 112 hivi. Zipo fupi za sentimita 82 za kuwekwa chini ya dirisha. Bakuli linaning'inia kwa bolti mbili, baina yake sentimita 18, kwa nyingine 23. Ndani ya fremu kuna tangi la plastiki, lile ambalo hapa kwetu tunaliita shasi, na kwa kawaida linatoa lita 6 kwa kibonyezo kikubwa na lita 3 kwa kidogo. Bomba la maji linaingia kwa juu, kiungo cha nusu inchi. Likishaingia linakutana na koki ndogo, kisha mpira unaopindika, kisha valvu ya kujaza yenye boya.

Vyote hivyo vinafikiwa kwa tundu moja tu, lile lililo nyuma ya sahani ya vibonyezo. Kampuni ya Geberit ya Uswisi ilianza kuuza tangi la kufichwa ukutani mwaka 1964, na kanuni ya matangi ya aina hii ni kwamba kila kinachochakaa kiweze kupita kwenye tundu hilo. Tundu likiharibiwa wakati wa kupiga vigae, choo kizima hakitengenezeki.

Kufungua: sahani nyingine zinasukumwa juu kisha zinavutwa, nyingine zinateleza kando, nyingine zina skrubu ndogo chini. Usiingize bisibisi pembeni kwa nguvu, utapasua kigae. Ikitoka utaona kifuniko cha plastiki na vijiti viwili vya kusukumia. Vitoe, washa tochi ya simu, koki ndogo utaiona upande mmoja kwa juu. Nyingine inazungushwa kwa vidole, nyingine inataka bisibisi bapa. Fanya zoezi hili leo, nyumba ikiwa kavu.

Maji hayakomi kuingia bakulini

Dalili hii ndiyo ninayoitiwa zaidi, na ndiyo inayokula maji kimyakimya. Glasi moja ya mililita 250 kwa dakika, kiasi ambacho sikio halikisikii, ni lita 15 kwa saa na lita 360 kwa siku. Ni bidoni 18 za lita 20. Anayebebesha watoto bidoni kutoka bombani Kadutu anaelewa hesabu hiyo bila kuandikiwa. Tangi la juu la lita 1,000 linakauka kabla siku tatu hazijaisha.

Weka karatasi kavu ya chooni kwenye ukuta wa nyuma wa bakuli, juu ya maji yaliyotuama. Ikilowa ndani ya dakika chache bila mtu kubonyeza, maji yanapita. Sasa toa sahani na vijiti vyake, usiguse kingine. Yakikoma hapo hapo, vijiti ni virefu mno na vinaibana valvu ya chini, ile inayoachilia maji ya tangi kwenda bakulini, ikae wazi kidogo. Virekebishe kwa kuzungusha, kazi imekwisha. Nimeona watu wakinunua tangi zima kwa sababu ya milimita mbili za kijiti.

Yakiendelea, funga koki ndogo ya tangi. Piga alama kwa penseli mahali maji yalipofika ndani, subiri nusu saa. Maji yakishuka chini ya alama ingawa koki imefungwa, mpira wa valvu ya chini umechakaa au umekaliwa na mchanga. Utoe, uoshe, ukague kama una mkunjo. Ukiwa mgumu, badilisha. Yakibaki palepale na bakuli likakauka, mpira ni mzima. Anayekosea ni valvu ya kujaza, ambayo haifungi, na ziada ilikuwa inamwagika kupitia bomba la ndani la kuzuia kufurika. Kagua kama boya limegusa ukuta wa tangi, kisha safisha utando wa valvu.

Vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa tangini ili kuleta harufu nzuri siviungi mkono. Vinakula mpira. Na mpira usiupake vazelini wala mafuta ya gari, unavimba. Tumia grisi ya silikoni.

Koki inazunguka lakini maji hayafungi

Mtihani wa hapo juu unadai koki inayofunga kweli. Je, isipofunga?

Kama inazunguka bure bila kushika, shina lake limekatika ndani. Kama inafika mwisho na maji bado yanachuruzika, kuna uchafu kwenye kikalio chake au mpira wake umeliwa. Ifungue yote, ifunge, rudia mara tatu nne maji yakiwa na nguvu. Mara nyingi mkondo wenyewe unaosha uchafu. Kama haizunguki kabisa, usiikamate kwa koleo. Imeshikwa na chokaa au kutu, na ukiilazimisha itavunjika upande wa ukutani, mahali pabaya kuliko pote. Funga maji nje kwanza, ndipo uishughulikie.

Hapo ndipo penye mtego wa nyumba zetu. Nyumba nyingi za Bukavu zina maji ya aina mbili: ya mji, na ya tangi la juu linalojazwa maji yakija. Mwenye nyumba anakimbia kufunga kwenye mita ya REGIDESO, shirika la maji la taifa, anarudi, anakuta maji bado yanamwagika, anadhani koki ya mita ni mbovu. Siyo. Tangi la juu ndilo linalolisha sasa. Lazima ufunge pande zote mbili, au uwe na koki moja baada ya pale mabomba mawili yanapokutana. Kama nyumba yako haina koki hiyo, iweke hata kabla ya kununua choo.

Kuhusu aina ya koki nina msimamo. Ile ya gurudumu inayozungushwa mara nyingi, yenye ulimi wa shaba unaoshuka, siitaki kwenye njia ya choo. Tope linakaa chini ya ulimi na baada ya miaka michache haifungi. Weka koki yenye tufe la chuma ndani, inayofungwa kwa robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikingama imefungwa. Hata mgeni anayeiona mara ya kwanza ataielewa.

Tangi linajaa polepole, au halijai

Anza na jambo dogo: kuna aliyefunga koki nusu akasahau? Kisha angalia mvua. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kufika yamejaa tope, na kichungio kidogo kwenye mdomo wa valvu ya kujaza kinaziba. Funga koki ndogo, fungua ule mpira unaopindika, toa kichungio, kioshe kwa mswaki wa zamani. Utando wa valvu nao una kitundu chembamba kuliko sindano. Ukiona weupe wa chokaa uloweke kwenye siki saa moja, usichokonoe kwa waya.

Kama vyote ni safi, shida ni presha. Kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1. Tangi lililo mita 3 juu ya choo linatoa bar 0.3 tu. Valvu nyingine zinaridhika na bar 0.1, nyingine zinataka 0.5, na imeandikwa kwenye karatasi ya fremu. Isome kabla ya kulipa. Fremu iliyokuja bila karatasi hata moja mimi siifungi ukutani, kwa kuwa sitajua pia vipuri vyake nivitafute wapi.

Unyevu ukutani, au doa kwenye dari ya jirani wa chini

Hapa ndipo watu wanapovunja ovyo, na hapa ndipo koki zinapokuokoa. Unyevu nyuma ya choo una njia tatu za kuja: bomba la maji safi linaloleta, tangi lenyewe, au bomba la uchafu linalotoa. Zitenganishe moja moja.

Bomba linaloleta linavuja saa zote, hata nyumba ikilala. Kwa hiyo usiku funga mabomba yote, hakikisha tangi la choo limejaa, tazama kisindano kidogo cha mita. Kinazunguka? Funga koki ndogo ya ndani ya tangi. Kikisimama, tatizo liko tangini au mbele yake. Kikiendelea, nenda kwenye koki ya nje ya choo, ile ya njia, uifunge. Kikisimama sasa, uvujaji uko kati ya koki hizo mbili, yaani mita moja au mbili za bomba ndani ya ukuta, na unajua mahali pa kuvunja. Kikiendelea bado, choo hakina kosa, tafuta kwingine. Koki mbili, dakika kumi, nyundo haijaguswa. Asiye na maji ya mita achovye fimbo safi kwenye tangi la juu usiku, apige alama, arudie alfajiri huku koki ya choo ikiwa imefungwa, na kesho yake ikiwa wazi.

Bomba la uchafu linavuja pale tu choo kinapotumika. Funga koki ya choo siku mbili, bakuli ulisukume kwa ndoo, lita 8 hivi kila mara. Doa likikua vilevile ingawa tangi halina kitu, ni kiungo cha kutolea nyuma ya bakuli. Doa likikauka, rudi tangini: mara nyingi ni kile kiungo kinacholeta maji ya kusukuma kutoka tangini hadi bakulini, ambacho hakikusukumwa mpaka mwisho au mpira wake ulikunjika wakati wa kufunga. Vyote viwili vinatengenezwa kwa kulegeza nati mbili na kulivuta bakuli. Ukuta hauguswi.

Pia tazama kimpira cha kunawia kilicho kando ya choo, kama unacho. Kikiachwa na presha usiku kucha kinapasuka, na maji yanapenya kwenye ufa wa vigae yakaonekana kama ya fremu. Kipe koki yake mwenyewe, na ifungwe kila baada ya matumizi.

Neno moja la Bukavu: ardhi yetu inasogea. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 wengi tunalikumbuka, na hata bila tetemeko miteremko yetu huteleza. Bomba lililobanwa kwa saruji pande zote halina pa kujinyoosha, linakatika kwenye kiungo. Baada ya mtikisiko wowote fanya ule mtihani wa mita usiku huohuo.

Ukuta unagonga

Mlio wa "gu!" tangi linapomaliza kujaa, au bomba kutetemeka, ni presha kubwa. Nyumba iliyo chini ya mteremko, mita 70 chini ya hifadhi ya maji, inapokea karibu bar 7 usiku wakati wengine hawatumii. Weka kipunguza presha baada ya mita, kiseti kwenye bar 3. Kufunga koki ndogo nusu kunapunguza kelele usiku wa leo, lakini presha yenyewe inabaki palepale ikila viungo.

Sahani haitoki, mkono haupiti

Fundi wa vigae alitoa mapema boksi la kinga, lile linalokaa tunduni wakati wa ujenzi, akapunguza tundu, au alijaza silikoni kuzunguka sahani. Silikoni ikate kwa wembe taratibu. Tundu likiwa dogo, usitumbukize mashine ya kukatia bila kipimo: tangi ni plastiki na liko karibu sana. Kata unene wa kigae na ubao wake tu, ukingo malizia kwa tupa.

Na koki iliyozikwa kabisa? Ifikie kutoka nyuma. Upande wa pili wa ukuta wa choo mara nyingi ni ghala au ushoroba, wenye lipu na rangi tu. Tofali na lipu vinarudishwa kwa nusu siku. Vigae vya aina ileile huenda havipo tena sokoni. Kwa yule mama wa Nguba tulitoboa kutoka ghalani, tukakata kipande cha bomba, tukaweka koki mpya na mlango wa sentimita 30 kwa 30.

Kwa anayejenga, ukuta ungali wazi

Panga koki mbili. Ya tangini inakuja na fremu. Ya pili, ya njia, ni jukumu lako, na mahali pake pachaguliwe kabla bomba halijakatwa. Napendelea kwanza upande wa pili wa ukuta. Pasipofaa, chini ya sinki la kunawia katika chumba hichohicho, bomba la choo likianzia hapo. Vyote vikishindikana, ukuta wa kando ya choo nyuma ya mlango mdogo. Kamwe si nyuma ya bakuli, si juu ya dari, si mahali ambapo mlango wa chumba ukifunguka unaifunika. Bibi wa nyumba na mtoto wa miaka kumi waifikie bila ngazi.

Mlango uwe na nafasi ya mkono pamoja na mkono wa koki kuzunguka: sentimita 20 kwa 20 ni kiasi cha chini, 30 kama utataka kuibadilisha koki bila kuvunja. Chagua koki yenye nati ya kufungulia upande mmoja. Kigae cha sumaku kinapendeza, lakini mtu asikigandishe kwa gundi baadaye. Mlango wa plastiki mweupe unaoonekana ni salama zaidi.

Ndani ya ukuta usiache kiungo chochote cha kukaza kwa nati au uzi. Tumia bomba la plastiki la kuchomelea: la milimita 20, joto la nyuzi 260, sekunde 5 za kupasha, lisukume moja kwa moja bila kulizungusha. Viungo vya uzi vikae mahali mlango unapofika.

Kabla ya kuunganisha tangi, fungulia maji yamwagike kwenye bidoni mpaka yawe meupe, maana chembe za bomba na mchanga wa ujenzi ndizo zinazoua valvu wiki ya kwanza. Ukijaribu bomba kwa pampu ya presha, koki ya tangi iwe imefungwa, la sivyo boya ndilo litakaloumia. Boksi la kinga libaki tunduni hadi vigae viishe, ndipo likatwe usawa wa kigae.

Kisha piga picha. Weka utepe wa kupimia ukutani, uonekane, kutoka sakafuni hadi kwenye koki na kutoka kona hadi kwenye bomba. Picha mbili, umtumie mwenye nyumba na ubaki nazo. Mpangaji akihama na mwenye nyumba akiwa Kinshasa, picha hiyo ndiyo itakayomwelekeza fundi mgeni. Kwenye mlango wa koki andika kwa rangi neno moja: CHOO.

Koki zote mbili zizungushwe mara mbili kwa mwaka, Juni kiangazi kinapoingia na Septemba mvua zinaporudi. Ukiwa unafungua tena, anza na robo, subiri hewa itoke na mlio uishe, ndipo ufungue yote. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo unachokiona, rudia baada ya dakika kumi, na mara ya mwisho asubuhi, baada ya presha ya usiku kupita.